Toka Mjini Wikendi Hii: Nyumba za Kale za Vijijini Guangdong

Kama uko Guangzhou wakati huu, mzigo wako bado uko kiwandani na mwenye kiwanda kakuambia urudi Jumatatu, usikae chumbani Xiaobei ukitazama dari. Funga begi dogo, chukua pasipoti, panda treni utoke mjini. Nimerudi kutoka vijijini juzi tu na bado sijatulia! Nimelala kwenye nyumba za kale zenye kuta nene kama mkono wangu, nimefungua madirisha ya chuma yaliyotiwa komeo tangu enzi za majambazi, nimetazama mpunga ukiyumba hadi macho yakachoka, na asubuhi nimenywa uji wa mchele wa moto uani pamoja na wenye nyumba. Mji wa Guangzhou sisi wafanyabiashara kutoka Afrika tunaujua kwa miaka, na jimbo lenyewe la Guangdong wengi wetu hatujaliona.

Guangzhou yetu ni Xiaobei na Sanyuanli, masoko ya ngozi na nguo, maghala ya kufungashia mizigo, na kumbi za Maonyesho ya Canton kule Pazhou. Ni mji wa watu zaidi ya milioni 18 na unachosha mwili. Lakini wilaya zake za kaskazini ni milima na mito, na ukishuka kusini magharibi, nje ya mpaka wake, unaingia nchi ya mabwawa, mianzi na vijiji vya matofali ya kijivu. Huko ndiko ziliko minsu, yaani nyumba za familia zilizotengenezwa upya ili zipokee wageni wachache, vyumba vitano au sita, mwenyeji akiishi papo hapo au nyumba ya jirani.

Kuchagua ndiyo kazi. Kwenye programu za kuwekea nafasi zote zinapendeza. Kila moja ina picha ya taa ya karatasi, birika la chai na paka aliyelala juani, na kati yake yamo majengo ya saruji ya miaka ya karibuni yaliyobandikwa vigae ili yaonekane ya kale. Picha hazitakusaidia. Mimi nauliza swali moja kabla ya kulipa, naliandika kwenye simu, linatafsiriwa, nalituma: nyumba hii ilikuwa ya nani? Mwenye jengo jipya hujibu kwa bei na punguzo. Mwenye nyumba ya kale kweli hujibu kwa majina: baba wa babu yangu aliijenga, mwaka fulani, fedha alizipata mahali fulani, wakati wa vita ilitumika kwa jambo fulani. Ukipata jibu la namna hiyo, weka nafasi hapo hapo.

Na swali hilo ndilo lililonipeleka Kaiping. Kaiping!

Iko kama kilomita 140 kutoka katikati ya Guangzhou. Unapanda treni ya mwendokasi stesheni ya Guangzhou Kusini, unashuka Kaiping Kusini, kituo kilichofunguliwa mwaka 2018, na safari yenyewe ni saa moja na ushee. Kutoka hapo teksi inakupeleka tarafa ya Tangkou, na ghafla, katikati ya mashamba ya mpunga, unaona minara. Si miwili wala mitatu. Mmoja una kuba, mwingine una nguzo na matao kama ya Roma, wa tatu una roshani zilizochongwa maua ya saruji, na chini yake bata wanaogelea na bibi anaanika mboga. Nilisimama barabarani na begi mgongoni, dereva akacheka, nadhani kazoea kuona watu wakisimama hivyo.

Minara hiyo inaitwa diaolou. Imebaki 1,833 katika Kaiping yote, na mwaka 2007 UNESCO iliiingiza, pamoja na vijiji vyake, katika orodha ya urithi wa dunia. Ule wa kale kabisa uliobaki, Yinglong Lou, ulijengwa karne ya 16, lakini mingi ni ya miaka ya 1920 na 1930, na waliolipia hawakuwa wakiishi hapo. Walikuwa San Francisco, Chicago, Vancouver, Melbourne na Malaya. Kuanzia katikati ya karne ya 19 vijana wa Kaiping na wilaya za jirani za Taishan, Enping na Xinhui walivuka bahari, kwanza kwa ajili ya dhahabu ya California, kisha katika miaka ya 1860 kuponda mawe ya reli ya kuvuka Marekani, kisha kufua nguo na kupika katika miji ya watu. Mwaka 1882 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Kanada nayo iliwafungia mlango mwaka 1923. Aliyekuwa ng'ambo hakuweza kumleta mke wala watoto. Kwa hiyo fedha ndizo zilizosafiri, na zilipofika kijijini ziligeuka nyumba.

Ndugu yangu wa Kariakoo, wa Eastleigh, wa Kampala, wa Bukavu, unaijua hadithi hii bila kuambiwa. Unajua habari ya kutuma fedha za tofali mwezi huu na za bati mwezi ujao. Unajua kumtegemea mjomba asimamie mafundi, kuletewa picha ya msingi, kisha ya ukuta, kisha ya lenta, na kuijua nyumba yako mwenyewe kwa picha kabla hujaikanyaga. Wao pia walifanya hivyo, ila kwa barua na kadi za posta: walituma nyumbani kadi zenye picha za majumba ya ng'ambo, na mafundi wa kijijini, ambao hawakuwahi kutoka Guangdong, wakayajenga kwa jinsi walivyoyaelewa. Ndiyo maana mnara una kichwa cha Ulaya na kiwiliwili cha Kichina. Saruji na vyuma vilikuja kwa meli kupitia Hong Kong. Nimepanda ngazi za minara hii nikiwafikiria ndugu zetu wa Guangzhou wenye nyumba Mbagala na Kitengela ambazo hawajalala ndani yake hata usiku mmoja, na koo lilinikaba.

Minara ilikuwa pia ngome. Kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo alijulikana kuwa na fedha, na majambazi walijaa. Angalia pembe za juu: kuna vibanda vidogo vinavyotokeza nje, vinaitwa viota vya mbayuwayu, na vina matundu ya kupigia bunduki chini. Mwaka 1922 majambazi waliivamia shule ya sekondari pale Chikan wakamteka mwalimu mkuu na wanafunzi. Taa kubwa ya kumulikia ya mnara wa kijiji cha Yingcun iliwanasa gizani, wanakijiji wakatoka, mateka wakaokolewa. Habari ilipowafikia waliokuwa ng'ambo, walibana matumizi na kutuma fedha zaidi, na minara ikaongezeka. Kijiji cha Zili, chenye minara mizuri kuliko yote kwa macho yangu, kina mnara wa Mingshi Lou wa mwaka 1925, na ndani yake samani bado zipo: saa za ukutani, taa za mafuta, vitanda, vyombo, na ghorofani mahali pa kuwaheshimu mababu. Ukiona filamu ya Jiang Wen ya mwaka 2010, Let the Bullets Fly, minara unayoiona ndiyo hiyo ya Zili. Kule Jinjiangli kuna Ruishi Lou wa mwaka 1923, ghorofa tisa, na hapo nakuomba usimame mbali kwanza, kwenye tuta la shamba, uuone wote.

Sasa, kulala. Minara maarufu ni ya kutazama kwa tiketi, na hilo ni jema, kwa sababu ngazi ni nyembamba na vyumba vina giza. Kulala ni kwenye nyumba za chini yake, na hizo ndizo zilizonipagawisha. Nyumba ya kijiji cha Guangdong ina ukumbi katikati na chumba kila upande. Mbele yake kuna ua mdogo usio na paa, na kando ya ua ni majiko mawili. Mvua inaponyesha inaingia uani, inalia juu ya mawe, nawe umekaa ukumbini mkavu na chai mkononi. Juu ya ukuta wa ukumbi kuna meza ya mababu, na mwenyeji mzuri ameiacha palepale. Nyumba zimepangwa safu kwa safu kama meno ya kitana, vichochoro vimenyooka kuelekea bwawa la mbele ya kijiji, na upepo wa bwawa hupita katikati yake usiku kucha. Nilizima kiyoyozi nikaacha mlango wa uani wazi. Julai sikushauri ufanye hivyo, lakini msimu wa baridi ukikaribia ni raha isiyo na kifani.

Pale Tangkou tafuta hasa kijiji cha Cangdong, cha ukoo wa Xie. Profesa Selia Tan, msomi wa Chuo Kikuu cha Wuyi aliyejitolea maisha yake kuzichunguza diaolou, ndiye aliyeanzisha hapo kituo cha elimu ya urithi, na mwaka 2015 kazi hiyo ilipata tuzo ya UNESCO. Napenda walivyofanya: wanakijiji hawakuhamishwa, mafundi wa matofali na vigae walikuwa wa eneo hilo, na nyumba zilitengenezwa kwa njia za zamani. Wanaokuja kujifunza hulala kijijini na kula kinachopikwa na majirani. Angalia kuta zake, kisha ukienda kukagua minsu nyingine yoyote tumia Cangdong kuwa kipimo. Kwenye gulio la zamani la Tangkou maghala ya nafaka ya enzi za ujamaa nayo yamegeuzwa sehemu za sanaa na malazi, na kulala ndani ya ghala la mviringo ni jambo nitakalolisimulia kwa muda mrefu. Mji wa Chikan, na maghorofa yake ya kando ya mto, ulifunguliwa upya mwaka 2023 kwa ajili ya watalii baada ya wakazi kuhamishwa. Ni mzuri sana jioni taa zikiwaka. Lakini hakuna anayeanika nguo madirishani, na kwangu hilo linapunguza. Nenda ukatembee, kalale Tangkou.

Kabla ya kulipa kuna mambo ya kuuliza bila haya. Choo na bafu viko ndani ya chumba au nje ya ua? Kitanda kina godoro au ni ubao na mkeka, maana wazee wa huku wanapenda kulala pagumu? Chandarua kipo? Chumba kiko ghorofa gani, na ngazi ni ya namna gani, hasa kama unasafiri na mzazi? Na kubwa kuliko yote: wanapokea pasipoti ya kigeni? Sheria ya China inataka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anapolala. Hoteli hufanya hivyo zenyewe. Minsu ya mjini imezoea, ila ya kijijini huenda haijawahi kumwandikisha mtu wa nje. Mtumie mwenyeji picha ya pasipoti na viza mapema, mwombe athibitishe, na mwenyeji mkarimu atakuendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi cha tarafa, dakika chache, kila mtu akitabasamu.

Kama huna muda wa Kaiping, kuna Conghua, na Conghua ni Guangzhou yenyewe. Treni ya chini ya ardhi, laini namba 14, ilianza mwaka 2018 na inakufikisha Conghua kwa nauli ambayo hutaihisi. Kutoka kituoni chukua basi au teksi kuelekea kaskazini, ufuate Mto Liuxi. Hapa hakuna minara wala madoido. Nyumba ni za matofali ya udongo, paa za vigae vyeusi, milango mizito ya mbao, na milima imezisogelea hadi mgongoni. Xitou, katika tarafa ya Liangkou, ina kijito kinachopita kati ya nyumba, na sauti yake ndiyo utakayolala nayo. Lianma, kijiji cha kaskazini kabisa cha Guangzhou, kiko kwenye chanzo cha mto wenyewe. Kutoka hapa anza kutazama mapaa: yale yenye kuta za ubavuni zilizopanda juu na kujipinda huitwa masikio ya karai, na familia iliyojenga hivyo ilikuwa na uwezo au cheo.

Ukiwa Conghua usikose kijiji cha Qiangang na jumba lake la ukoo, Guangyu, lililopata tuzo ya urithi ya UNESCO mwaka 2003. Ni la ukoo wa Lu, wanaojihesabu kuwa uzao wa Lu Xiufu, waziri mkuu wa nasaba ya Song aliyejitosa baharini mwaka 1279 akiwa amembeba mfalme mtoto mgongoni ili wasitekwe. Inua kichwa utazame mihimili: ukarabati wa karne baada ya karne umeandikwa juu yake pamoja na mwaka wake. Mimi nilikaa chini ya mihimili ile muda mrefu kuliko nilivyopanga. Na ukifika Juni au mwanzo wa Julai, lichi zimeiva. Qiangang wana aina yao iitwayo nuomici, kokwa ndogo, nyama nono, tamu hadi unafumba macho, na unazila chini ya mti. Wilaya ya jirani, Zengcheng, ina lichi iitwayo gualü ambayo tunda moja liliuzwa mnadani mwaka 2002 kwa yuani 555,000. Za Qiangang zinanitosha kabisa. Ukichoka na matembezi, malizia kwenye chemchemi za maji moto za Conghua, ambako hata Zhou Enlai, waziri mkuu wa zamani wa China, alikuwa akipenda kupumzika.

Shawan, wilaya ya Panyu, naitaja kwa wale wenye mchana mmoja na usiku mmoja tu. Ni mji mdogo wa kale uliomezwa na jiji, na jumba la ukoo wa He, Liugeng Tang, lina asili yake mwaka 1275. Mtu wa Lamu au Unguja aende kwa ajili ya kuta: zimejengwa kwa maganda ya chaza, safu juu ya safu, makali yakitazama nje. Sisi tulijenga kwa matumbawe, wao kwa chaza, wote kwa kuokota kilichotolewa na bahari! Halafu kaa kwenye kiduka ule maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa maji ya tangawizi, yakiwa bado ya moto, kwenye bakuli. Yalizaliwa hapa.

Kuhusu chakula nisifiche: nguruwe yuko kila mahali vijijini, na mafuta yake hutumika hata kwenye mboga. Mwislamu amwambie mwenyeji tangu siku ya kuweka nafasi. Samaki wa mvuke kwa tangawizi na vitunguu ndicho chakula bora cha Guangdong, na samaki wa Mto Liuxi ni habari nyingine. Omba pia mayai, tofu, na mboga zilizopikwa kwa mafuta ya karanga kwenye karai lililosuguliwa. Wengine hubeba sufuria yao ndogo na wenyeji hawaoni vibaya. Katika miji midogo migahawa ya Waislamu ya tambi za Lanzhou haikosekani. Kama safari yako inaangukia Ijumaa, swali kwanza Huaisheng, msikiti wa kale wa Guangzhou, kisha uondoke mchana.

Msimu una uzito kuliko bei. Machi na Aprili unyevu ni mkali kiasi kwamba kuta za nyumba za kale hutoa jasho na shuka huwa na ubaridi wa maji. Miezi ya kiangazi ina joto na tufani. Wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu za Mwaka Mpya wa Kichina China nzima iko barabarani, hutapata chumba. Mpunga wa pili wa mwaka hukomaa mwanzoni mwa Novemba, hewa ikiwa kavu, na Maonyesho ya Canton ya vuli yanafungwa tarehe 4 mwezi huo huo.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii. Conghua nitairudia kila lichi zikiiva. Shawan nitampeleka kila mgeni anayepita. Lakini chaguo la kwanza, kwa mbali, ni Kaiping: nenda Novemba mara maonyesho yakiisha, ukiweza ondoka Jumanne ukwepe watu wa wikendi, lala Tangkou usiku usiopungua miwili, na wa kwanza uwe kwenye nyumba ya mtu aliyekwenda mbali akatuma fedha. Weka nafasi sasa, kabla mzigo wako haujapakiwa.